Jjajja Naye Alikuwa na Lugha Yake

Kitendawili! Pwani mngejibu "Tega!" Kwa Waganda msimulizi husema "Kkoyi kkoyi!" na watoto wakaitika kwa sauti moja, "Lya!" Itikeni mpendavyo, nami nitege: nokomu ni nini? Kila mmoja wenu anazo mbili. Moja inashika kalamu, ya pili inazuia karatasi isipeperuke.

Anayejua Kiganda alitamke neno hilo polepole, silabi moja moja, kisha arudi kinyumenyume. No, ko, mu. Mu, ko, no. Mukono! Nokomu ni mkono.

Mchezo huu unaitwa Ludikya. Watoto na vijana wa Buganda wameucheza tangu zamani, kabla ninyi hamjazaliwa. Ukitaka kumwambia mwenzako jambo mbele ya mama bila mama kulishika, unageuza silabi. Kimuli, yaani ua, linakuwa limuki. Zungumza sentensi nzima namna hiyo, tena kwa kasi, na mtu mzima aliyelelewa kwa Kiganda na kuolewa kwa Kiganda atabaki amekodoa macho, asijue watoto wake wamehamia nchi gani.

Sasa sikilizeni ufundi uliomo. Watoto, kwa Kiganda, ni baana, na ile sauti ya kwanza inavutwa. Ukiligeuza neno hilo utadhani litakuwa nabaa. Sivyo. Linakuwa naaba. Silabi zimebadilishana viti, ila mvuto wa sauti umebaki palepale ulipokuwa, mwanzoni mwa neno. Mwanaisimu Mmarekani George Clements aliutumia mchezo huu katika maandishi yake ya mwaka 1986 alipokuwa akieleza jinsi Kiganda kinavyopanga urefu wa sauti. Alionyesha kwamba katika akili ya msemaji, sauti ni kitu kimoja na urefu wake ni kitu kingine, na kimoja kinaweza kuhama kikamwacha mwenzake. Watoto wanaoifuata kanuni hiyo hawakufundishwa darasani. Hakuna aliyewaandikia ubaoni. Mtu mzima anayesikia "upuuzi wa watoto" ajue kwamba ndani ya upuuzi huo kuna sarufi kamili.

Na msidhani ni Waganda peke yao. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili, na humo aliweka maelezo ya namna ya kusema iliyoitwa Kinyume: silabi ya mwisho inahamishiwa mbele. Rafiki anakuwa kirafi. Nyumba inakuwa mbanyu. Kwa hiyo babu wa babu zenu kule Mji Mkongwe nao waliwahi kuwafanya watu wasiohusika wabaki nje ya mazungumzo. Vijana wa Paris wanafanya jambo lilelile kwa Kifaransa leo. Mbinu ni moja duniani kote, na kila kizazi kinaigundua kana kwamba ndicho cha kwanza.

Haya, twende Lubaga tukasikilize lugha za siri za huko.

Lubaga ni kilima, na pia ni jina la mojawapo ya divisheni 5 za jiji la Kampala. Vitabu vya zamani huandika Rubaga, kwa sababu wageni waliisikia hivyo. Kiganda hakianzi neno kwa r. Juu ya kilima limesimama kanisa kuu la Wakatoliki, lile la minara miwili ya matofali, lililotabarukiwa mwaka 1925. Ukishuka utakutana na Mengo, yalipo makao ya ufalme wa Buganda, na ikulu ya Kabaka, yaani mfalme, inayoitwa Lubiri. Endelea kuteremka: ziwa la Kabaka lililochimbwa kwa mikono ya watu katika miaka ya 1880, enzi za Kabaka Mwanga. Kisha Ndeeba na misumeno yake ya mbao, Nateete, Wakaliga, Nakulabye, Kasubi. Jioni, bodaboda zikikatiza na moshi wa chapati ukipanda, masikio yako yatapata Kiganda, Kiingereza, Kiswahili, na kitu cha nne kilichotengenezwa kwa hivyo vitatu.

Chukulia binti wa miaka 14 anarudi kutoka shule, mahali fulani Ndeeba. Bibi yake amekaa kwenye mkeka barazani. Binti anapiga magoti kama alivyofunzwa.

"Osiibye otya nno, Jjajja?"

"Bulungi, muzzukulu wange. Gwe osiibye otya?"

Yaani: umeshindaje, bibi? Salama, mjukuu wangu, wewe umeshindaje? Mara rafiki yake anamwita kutoka barabarani, binti anasimama, na kinywa kilekile kinabadilika. Chaja aliyouziwa jana ni kiwaani. Mwenye duka alidai ni mpya kabisa. Wapi! Wanacheka, wanapigana viganja, wanaagana, tuko pamoja. Jjajja amesikia kila neno. Kiwaani amelidaka, kwa kuwa hata redio imelizoea: ni kitu bandia, ulaghai. Lakini hayo mengine, kabisa, wapi, tuko pamoja, yanamkunja uso. Anamwita mjukuu wake na kumuuliza kwa upole, "Mwanangu, umeanza kutembea na bayaaye?" Yaani wahuni.

Ninyi mnaosoma haya Tanga au Mombasa mtashangaa. Kabisa ni neno gani la kumtia bibi hofu? Kwenu bibi ndiye analisema. Ndipo penye kisa changu chote. Neno husafiri. Linafika mahali kwa njia fulani, na wazee na vijana wa mahali hapo huwa wamekutana nalo katika vituo tofauti vya safari yake.

Kiswahili kilifika Lubaga mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakipanda hadi Buganda kutafuta pembe za ndovu, na Kabaka Mutesa wa Kwanza, aliyetawala kuanzia mwaka 1856 hadi 1884, alikijua Kiswahili na aliweza kusoma Kiarabu. Msafiri Henry Stanley alipofika mwaka 1875, mji mkuu wa Mutesa ulikuwa hapahapa juu ya kilima cha Lubaga. Katika msafara wake alikuwamo kijana aliyeitwa Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni ya Waingereza kule Unguja. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki. Akawa mwandishi wa barua za Kabaka na msomaji wake wa maandiko kwa Kiswahili. Fikirieni: kijana wa shule ya Unguja ameketi Lubaga, kalamu mkononi, na mfalme anamsikiliza.

Wamisionari wa Kikatoliki, padri Lourdel na bruda Amans, walifika mwaka 1879, miezi michache baada ya Mwingereza Alexander Mackay. Hawakujua Kiganda. Kwa hiyo masomo ya kwanza yalipitia Kiswahili. Na nani waliwakimbilia? Vijana. Ikulu ilikuwa na wavulana wengi waliotumwa na jamaa zao kutoka kila pembe ya Buganda kumtumikia Kabaka, wengi wao wa umri wenu. Hao ndio walioshika vitabu kwanza, wakaitwa abasomi, wasomaji. Pamoja na vitabu walibeba maneno: ekitabo, ekkalaamu, emmeeza, ssabbuuni, eddirisa. Mzee aliyezaliwa na kuzeekea katika nyumba ya nyasi isiyo na dirisha wala meza alikuwa anawasikia wavulana hawa wakizungumza vitu ambavyo hajawahi kuvishika. Leo hakuna Mganda anayehisi ugeni katika maneno hayo. Jjajja wa Ndeeba anaposema "funga eddirisa, mvua inakuja," anatumia neno ambalo kwa mababu zake lilikuwa la vijana wa ikulu.

Mbona basi anakunja uso kwa kabisa?

Kwa sababu baada ya hapo Kiswahili kilipita njia nyingine. Waingereza walipotawala, kilikuwa lugha ya jeshi na polisi. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alitaka kitumike zaidi katika shule na ofisi za Uganda, na Kabaka Daudi Chwa wa Pili akapinga, akihofia Kiganda kitasukumwa pembeni katika nchi yake yenyewe. Kiswahili kikabaki kambini na sokoni. Kisha ukaja mwezi Mei 1966. Jeshi la serikali lilishambulia Lubiri, ikulu ileile ya Mengo, na Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia uhamishoni London, alikofia mwaka 1969. Askari waliopanda kilima siku hiyo walikuwa askari wa jeshi ambalo lugha yake ya kila siku ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1971 Idi Amin akatwaa madaraka, naye pia alikuwa mwanajeshi wa lugha hiyo.

Hapa niwaombe mtulie kidogo, maana sehemu hii wazee wengi hawapendi kuisimulia. Katika miaka ya 1980, wakati wa serikali ya pili ya Rais Obote, askari waliweza kuzingira mtaa alfajiri, wakawatoa watu majumbani na kuwaamuru kwa Kiswahili wapande lori. Operesheni hizo zilipata jina lake kutokana na amri yenyewe: panda gari. Walikuwapo waliorudi jioni. Walikuwapo ambao hawakurudi. Kwako wewe wa Dar es Salaam, "panda gari" ni maneno ya kaka anayekupeleka shule. Kwa bibi aliyekuwa msichana Nateete wakati ule, maneno hayo yanafungua mlango ambao ametumia maisha yake kuufunga. Anaposikia Kiswahili cha mtaani kikitoka kinywani mwa mjukuu wake, haelewi kwa nini mtoto anakitumia kwa furaha. Maana ya neno anaijua vizuri. Kinachomchanganya ni kicheko.

Mjukuu naye hana habari. Amelipata neno lilelile kwa njia ya tatu, ambayo inaanzia kwenye njaa ya sukari.

Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini. Maduka na viwanda vyao vikagawiwa watu aliowapenda yeye, wengi wao wasiojua biashara. Wale waliotajirika ghafla wakapewa na watu wa Kampala jina la mafuta mingi. Mwalimu wa Kiswahili angesahihisha akasema "mafuta mengi," lakini jina halikungoja mwalimu. Viwanda vilisimama. Sukari, chumvi na sabuni zikawa vitu vya kutafutwa kwa siri, na biashara hiyo ya siri ikaitwa kwa neno jingine la Kiswahili, magendo. Ukiuza kilo ya sukari kwa magendo huwezi kuitangaza kwa Kiganda safi ambacho kila mpelelezi anakielewa. Unahitaji maneno ya pembeni. Ndipo iliponawiri lugha ya vijana wa mjini, Luyaaye, lugha ya bayaaye: wachuuzi, makondakta, mafundi wa magari, watoto waliojilea wenyewe barabarani. Muyaaye kwa wazee ni mhuni. Na kwa kuwa wahuni walisema hivyo, kila anayesema hivyo akahesabiwa mhuni.

Saudah Namyalo, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, ameichunguza Luyaaye na kuandika jinsi wasemaji wake wanavyoyachezea maneno makusudi. Msingi ni Kiganda. Juu yake vinamiminwa Kiingereza na Kiswahili, na maneno yanakatwa, yanageuzwa, yanapewa kazi mpya. Kiswahili kilifaa sana kwa kuficha, kwa sababu watu waungwana wa Mengo walikuwa hawakipendi. Ukitaka maficho, kaa pale ambapo mzazi wako hapendi kuingia. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala na Amin akakimbia, watu waliwaita wanajeshi hao bakombozi, na kwa muda Kiswahili kikawa na harufu nyingine, ya watu waliokuja kusaidia. Vijana waliozungumza nao barabarani waliongeza maneno kwenye mifuko yao.

Basi hivyo ndivyo kabisa moja inavyokuwa maneno matatu. Ni la heshima Tanga, la kambini kwa Jjajja, la kicheko kwa mjukuu. Na wote watatu wanalitamka sawasawa.

Si kila neno la vijana hukopwa, hata hivyo. Mengine ni ya nyumbani yaliyotumwa kazi mpya, na hayo nayapenda kuliko yote kwa sababu yanaonyesha macho ya walioyabuni. Kamunye ni jina la Kiganda la mwewe, yule ndege anayeshuka ghafla na kunyakua kifaranga. Mtu fulani alilitazama basi dogo la abiria likikata kona, likisimama sekunde mbili, likimnyakua abiria na kuondoka, akaliita kamunye. Hakuna maelezo zaidi yaliyohitajika. Majirani wa Uganda walifanya vivyo hivyo kwa fedha badala ya ndege: matatu ya Kenya ilipata jina kutokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi, na daladala ya Tanzania kutokana na dala, sarafu ya shilingi 5. Leo maneno hayo yamo katika sheria na magazeti, na hakuna anayekumbuka kwamba yalianza kama kelele za vijana wa mlangoni mwa gari.

Kyeyo ni ufagio wa kufagilia uani. Vijana wa Uganda walipoanza kukimbilia Ulaya na Marekani kutafuta riziki, waliobaki waliwatania kwamba wamekwenda kushika ufagio katika majengo ya wenyewe. Kupiga kyeyo ikawa kufanya kazi ngumu ng'ambo, na mwenye kuifanya akaitwa nkuba kyeyo. Ulikuwa utani wenye uchungu. Lakini fedha zilianza kufika. Zililipa karo, zikajenga nyumba, zikamzika babu kwa heshima, na neno likainuka pamoja nazo. Sasa wabunge wanalitamka bungeni. Hata Jjajja, ambaye ada ya mjukuu wake labda inatoka kwa shangazi aliye ng'ambo, anamwombea huyo shangazi kwa kusema Mungu ambariki katika kyeyo chake. Muulizeni kama hilo ni neno la wahuni, atawashangaa.

Kuna na bakanyama, mabaunsa wa vifua vipana wanaolinda milango ya kumbi. Mnalisikia humo neno nyama. Kuna kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, chakula cha anayehesabu shilingi zake. Na kuna rolex, ambayo si saa: ni chapati iliyoviringishwa na mayai ndani. Mgeni akisikia mwanafunzi amekula rolex mbili kwa kifungua kinywa atauliza wazazi wake wana utajiri kiasi gani.

Nisipopita Wakaliga nitakuwa nimewadhulumu. Mtaa huu uko ndani ya Lubaga, na hapo Isaac Nabwana alianzisha studio ya filamu ambayo dunia imeifahamu kwa jina la Wakaliwood. Filamu yake ya mwaka 2010 kuhusu Kapteni Alex ilitengenezwa kwa fedha kidogo mno, bunduki zikachongwa kwa mbao na vyuma chakavu, na waigizaji ni majirani. Ukiitazama utasikia sauti ya mtu asiyeonekana ikiongea juu ya filamu mwanzo hadi mwisho. Huyo ni vijei. Katika vibanda vya video vya Kampala, vijei huketi na kipaza sauti na kuieleza filamu ya kigeni kwa Kiganda cha mtaani, akiwatania wahusika, akiwapa majina ya watu wa Nateete, akiwaonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Maneno mengi mapya ya vijana wa jiji hupata miguu vibandani humo. Mtu mmoja akilisema vizuri Jumamosi usiku, Jumatatu asubuhi limeshafika shuleni.

Na jina la kampuni ya Nabwana? Ramon. Masikio ya wageni hufikiri ni Kihispania. Alichukua mwanzo wa majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica, akayaunga. Ra, Mon. Kijana wa Ludikya angefurahi.

Sasa geuzeni meza. Mnadhani watu wazima wao husema wazi? Nendeni Mengo mkaketi karibu na wazee wa ufalme. Kwa lugha yao Kabaka hafi. Mkiwasikia wakinong'ona kwamba Ssaabasajja, yaani Kabaka, akisizza omukono, neno kwa neno ni kwamba ameficha mkono wake, na wanalokusudia ni kwamba amefariki. Au watasema moto umezimika. Mtoto asiyejua atatafuta moto upi na mkono gani. Kila ukoo wa Buganda una mlio wake wa ngoma, omubala, ambao wenyewe wanausikia kama maneno na mgeni anausikia kama ngoma tu. Ssenga, yaani shangazi, humchukua msichana kando na kuzungumza naye kwa mafumbo ambayo mvulana aliye chumba cha pili hawezi kuyafumbua. Lubaga imejaa lugha zilizofungwa, na nyingi ya funguo zake zimo mikononi mwa wazee. Ninyi mmejifunza kufunga kwa kuwatazama wao.

Ndiyo maana sikubaliani na wazazi wanaosema maneno ya vijana yanaua lugha. Kiganda kimemeza vitabu, madirisha, magendo na kyeyo, na bado Jjajja anakiona ni kilekile cha mama yake. Lakini nanyi niwaambie jambo nililoliona likiumiza. Neno la siri likitumika kumcheka mtu aliyesimama mbele yenu, mama muuza nyanya, mwanafunzi mgeni aliyetoka kijijini, yeye hahitaji tafsiri. Anaona macho yenu. Huko neno limeacha kuwa mchezo, na sina cha kulitetea.

Watu wazima wakijaribu kuingia mlango wenu, mambo huwa magumu. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2011, Rais Yoweri Museveni alitokea katika wimbo wa rapu uliotengenezwa kutokana na sauti yake, na kila redio ikaupiga. Watoto waliucheza. Ila sikilizeni alichokuwa anakighani: mashairi ya watoto wa Ankole, ya enzi za ujana wake mwenyewe machungani. Hakukopa maneno ya vijana. Aliwaletea ya kwake, na wengi wa Kampala walilazimika kuuliza maana. Siku hizi huwaita vijana bazzukulu, wajukuu, na vijana nao wamelidaka neno hilo, wanajiita hivyo wao kwa wao kwa maana zao wenyewe.

Mtaona kwamba sijawapa orodha ya maneno ya leo ya vijana wa Lubaga. Nimefanya hivyo makusudi. Neno la siri likishachapishwa na mtu wa umri wangu, wenyewe wameshalitupa. Bora mwende kwa Jjajja na karatasi. Muulizeni taksi waliiitaje alipokuwa msichana. Muulizeni sukari ya magendo iliagizwa kwa maneno gani dukani askari akiwa amesimama karibu. Muulizeni kama aliwahi kucheza Ludikya, na mpeni jina lake mwenyewe aligeuze. Huenda akakataa kwanza. Ngojeni. Na akinyamaza kwenye habari za panda gari, msimshurutishe; mleteeni chai.

Kuna jambo moja linakuja ambalo mimi nalisubiri kwa hamu. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Utekelezaji unakwenda polepole, walimu ni wachache. Lakini siku darasa la Ndeeba litakapofungua daftari la Kiswahili na mwalimu akaandika ubaoni kabisa, tuko pamoja, wapi, akayapigia mstari, akayawekea alama za mtihani, hakuna kijana atakayeweza kujificha tena nyuma ya maneno hayo. Itabidi wahame. Wengine watarudi kwenye Ludikya na kuanza kugeuza Kiswahili chenyewe, sabika badala ya kabisa, na jioni moja mwalimu huyohuyo atasimama nje ya dirisha la darasa lake akijaribu kushika wanasema nini.